Intaneti haipotei, hukatika mahali

"Mtandao umepotea." Maneno haya mawili tumeyazoea shuleni kama tulivyozoea kuambiwa kuwa stima imepotea. Tukishayasikia hukunja mikono, tukangoja urudi wenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Wasomaji wapendwa, leo naomba idhini yenu niupinge msemo huu, kwani naamini kwamba umetugharimu, na wanaogharimika zaidi ni wanafunzi wetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika shule ya mashambani niliyokuwa nikifundisha, chumba cha tarakilishi kiliunganishwa na intaneti kwa antena iliyofungwa juu ya mnara wa tangi la maji, ikaelekezwa kwenye mlingoti ulioko kilimani. Jumatatu moja, siku tatu kabla ya siku ya mwisho ya kutuma alama za miradi ya watahiniwa kwa Baraza la Mitihani, tuliingia chumbani tukakuta hakuna intaneti. Niliipigia simu kampuni iliyotuunganisha, ambayo sitaitaja, nikajibiwa kwamba kuna hitilafu katika waya wa baharini, hivyo tuwe na subira. Siku ya pili jibu likawa lile lile. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana asiyezoea kusema sana, aliinua mkono darasani akauliza: "Mwalimu, kama waya wa baharini ndio uliokatika, mbona pale saiba ya sokoni watu wanaendelea kutumia intaneti?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Keti, mwanangu, tutalizungumza," ilhali nilijua moyoni kwamba sikuwa na la kuzungumza. Jioni hiyo naibu wa mwalimu mkuu alizitia karatasi za alama mkobani, akaabiri matatu hadi mjini, mwendo wa kilomita 40, akalala huko kwa pesa zake mwenyewe ili alama za watahiniwa zisichelewe. Alhamisi fundi alifika, akapanda mnarani, akaisukuma antena kiasi cha upana wa kiganja, akazikaza bolti. Intaneti ilirudi kabla hajashuka. Upepo wa mvua ya mwishoni mwa juma ndio ulioigeuza antena. Bahari haikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo niliazimia kujua intaneti yetu hutoka wapi na hutufikiaje. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwalimu asiyeuliza huwanyima wengi.

Tuanze na la msingi. Intaneti si kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja kama maji ziwani. Ni mitandao mingi, maelfu kwa maelfu, ya kampuni, vyuo na serikali, iliyokubaliana kupokezana habari kwa kanuni moja. Mtoa huduma za intaneti ni yule mwenye mtandao wake ambao upande mmoja umeshikamana na wateja na upande wa pili umeshikamana na mitandao mingine ya ulimwengu. Mfano wake ni mwenye matatu anayekutoa kijijini hadi kituo kikuu cha mabasi. Kutoka hapo wapo wenye mabasi ya masafa marefu, naye ndiye anayewalipa nauli kwa niaba yako. Kwa hiyo, unapomlipa mtoa huduma kila mwezi, unalipia safari mbili: ile fupi ya kutoka kwako hadi kwake, na ile ndefu ya kutoka kwake hadi duniani.

Waliokuwa watu wazima katika miaka ya tisini wanakumbuka safari fupi ilivyokuwa wakati ule. Huduma za intaneti za kibiashara zilianza hapa Kenya katikati ya miaka hiyo, Africa Online ikiwa miongoni mwa kampuni za mwanzo, na njia ya kuzifikia ilikuwa waya wa simu wa shaba. Kwa kuwa waya huo ulikusudiwa kubeba sauti ya mwanadamu, tarakilishi ilihitaji chombo kiitwacho modemu ili kuzigeuza tarakimu zake ziwe milio. Modemu ilipiga simu kwa mtoa huduma, modemu nyingine ikapokea huko, zikasalimiana kwa kelele ambazo aliyezisikia hajazisahau, kisha habari zikaanza kupita. Kila mteja aliyeingia aliishika laini moja. Mtoa huduma mwenye laini 60 hakuweza kumpokea mteja wa 61 mpaka mmoja atoke. Mteja naye alilipa mara mbili, ada ya intaneti na gharama ya simu kwa kila dakika, na muda wote huo simu ya nyumbani haikupatikana. Modemu za mwisho wa enzi hiyo zilifikia kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, tena kwa bahati njema.

Safari ndefu nayo ilipitia angani. Setilaiti za mawasiliano za wakati ule zilikaa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Habari hupanda huko na kushuka, jumla ya kilomita 72,000, na kwa kuwa mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu robo sekunde. Ukiuliza na kujibiwa, nusu sekunde imekwisha. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuihesabu mwenyewe, na ataona kwamba hakuna fundi duniani awezaye kuipunguza, kwa sababu kinachoichelewesha habari hapo ni umbali.

Kulikuwapo na kikwazo kingine, nacho kilikuwa cha wanadamu. Njia ya kutokea nje ya nchi ilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu peke yake, ambalo mwaka 1998 lilianzisha mtandao wa Jambonet ili watoa huduma wote wapitie humo. Shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999, ukiritimba huo ulirithiwa na Telkom Kenya hadi mwaka 2004. Matokeo yake yalikuwa ya kustaajabisha. Mwalimu wa Nairobi alipomwandikia barua pepe mwenzake wa Nairobi aliyetumia kampuni nyingine, barua hiyo ilipaa hadi setilaiti, ikashuka ng'ambo ya bahari, ikarudi kwa njia hiyo hiyo, na kila hatua ililipiwa kwa fedha za kigeni. Watoa huduma walipokutana na kujenga kituo cha kubadilishana habari humu humu nchini, kikafunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, Telkom Kenya ililalamika na Tume ya Mawasiliano ikakifunga baada ya majuma mawili hivi. Kilifunguliwa tena kwa leseni mwaka 2002. Kituo hicho kiko hadi leo na jina lake ni KIXP. Ninalitaja jambo hili ili mwanafunzi aelewe kwamba intaneti hukatwa na kalamu pia, si mashoka na nanga pekee.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Waya wa TEAMS, mradi uliosukumwa na serikali ya Kenya, uliwasili Mombasa kutoka Fujairah katika Ghuba, safari ya takriban kilomita 5,000. Mwaka huo huo ukafika wa SEACOM, na mwaka uliofuata ukafika wa EASSy. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, nasi tunaweza kuongeza kwamba hata vilivyozama vimeundwa. Ndani ya waya wa baharini mna nyuzi chache za kioo, nyembamba kama unywele, na ndani ya kila uzi mwanga huwaka na kuzimika mabilioni ya mara kwa sekunde. Kila baada ya makumi ya kilomita huwekwa chombo cha kuutia mwanga nguvu, nacho hupata umeme kutoka nchi kavu kwa njia ya waya huo huo. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kutoka Mombasa hadi Fujairah ni sehemu moja ya arubaini ya sekunde. Ilinganishe na robo sekunde ya setilaiti.

Nyaya hizi hukatika kweli. Mnamo Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati yetu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Lakini angalia kilichotokea mara zote mbili: intaneti ilizorota, haikuzimika kote. Mtoa huduma mwangalifu hununua nafasi katika nyaya zaidi ya moja, na ule mmoja ukikatika huzihamishia habari kwenye mwingine. Asiyefanya hivyo huwaacha wateja wake gizani, kisha huilaumu bahari. Hapo ndipo swali la yule msichana lilipokuwa na uzito, ingawa halikuwa limekamilika. Yumkini saiba ya sokoni ilihudumiwa na kampuni iliyotumia waya mwingine. Swali kamili lingekuwa: je, kampuni yetu ina nyaya ngapi?

Kutoka Mombasa habari husafiri kwa faiba hadi Nairobi na miji mingine. Tatizo kubwa la shule zetu halianzii huko. Linaanzia katika kilomita chache za mwisho, kutoka mjini hadi darasani, na hapo watoa huduma wana njia nne.

Ya kwanza ni faiba yenyewe kuletwa hadi mlangoni. Uzi mmoja hutoka kwa mtoa huduma, kisha kigawanyo kidogo kisichohitaji umeme huugawa mwanga wake kwa nyumba 32 au 64. Mwanga unaokuja na ule unaokwenda huwa wa mawimbi tofauti, hivyo hupishana ndani ya kioo kimoja bila kugongana. Ya pili ni mawimbi ya redio, antena ya mteja ikitazamana na antena ya mlingoti bila mti wala jengo kuingia kati. Njia hii ni nafuu mashambani, lakini antena ikigeuka kidogo tu hupotezana na mwenzake, kama tulivyojionea. Ya tatu ni mtandao wa simu za mkononi, ambao wengi wetu huununua kwa bando. Ya nne ni setilaiti, ila si zile za zamani. Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, hutumia maelfu ya setilaiti zinazozunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na kwa sababu hiyo ule mchelewo wa nusu sekunde umepungua sana.

Njia zote nne zina jambo moja linalofanana, nalo ndilo wauzaji wasilolipenda kulitaja: mteja hashiki njia peke yake. Mtoa huduma hununua uwezo fulani, akauuza kwa wateja wengi akitumaini kwamba hawatautumia wote kwa pamoja. Si hila. Hata mhandisi wa barabara haijengi kwa hesabu ya kwamba kila mwenye gari atatoka saa ile ile. Hata hivyo upo ugawaji wa haki na upo wa tamaa, na mteja asiyeuliza anagawana na wangapi hana njia ya kuutofautisha mmoja na mwingine.

Hebu tupige hesabu, kwani hii ni hesabu ya darasani. Kasi huuzwa kwa megabiti ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Faili la somo lenye megabaiti 20 ni megabiti 160. Kwa modemu ya zamani ya kilobiti 56 lingechukua zaidi ya dakika 47. Kwa laini ya megabiti 10 litachukua sekunde 16, ikiwa mwalimu yu peke yake. Wanafunzi 40 wakilifungua kwa pamoja, kila mmoja ana robo ya megabiti, na faili lile lile litachukua sekunde 640, yaani dakika kumi na zaidi. Kipindi ni dakika 40. Robo yake imekwisha kabla somo halijafunguka, na mwalimu ataonekana hakujiandaa. Ajabu ni kwamba dawa yake wakati mwingine ni rahisi: kulipakua faili mara moja na kulihifadhi katika tarakilishi moja ya shule, wengine wote walichukue hapo bila kuigusa laini ya nje. Kampuni kubwa za ulimwengu hufanya vivyo hivyo, zikiweka nakala za video zinazopendwa katika seva zilizomo nchini mwetu, ili zisivuke bahari kila zinapotazamwa.

Basi intaneti ikikatika, mwalimu afanyeje? Aikague njia hatua kwa hatua, kuanzia karibu. Kwanza atazame kama tarakilishi inaonana na ruta ya shule. Ukurasa wa ruta usipofunguka, kosa liko chumbani. Pili ajaribu ukurasa wa mtoa huduma mwenyewe. Usipofunguka, mara nyingi kosa liko kati ya shule na kampuni, na hapo ndipo antena yetu ilipokuwa. Tatu ajaribu tovuti inayojulikana kuwa seva yake imo humu nchini, kisha tovuti ya ng'ambo. Ya ndani ikifunguka na ya nje ikikataa, hapo ndipo bahari inaweza kushukiwa. Asisahau pia kwamba mtoa huduma huwa na seva ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, mfano wa kile kitabu cha simu cha zamani. Seva hiyo ikilala, hakuna ukurasa utakaofunguka kwa jina lake hata kama nyaya zote ni nzima. Laiti ningalijua haya Jumatatu ile, ningaliiambia kampuni, "Hata ukurasa wenu haufunguki, leteni fundi," na mwenzangu hangalilala mjini.

Mgala muue na haki umpe. Watoa huduma nao wana mzigo wao. Kuchimba mtaro kilomita kadhaa ili kuifikia shule moja ni gharama kubwa, watengenezaji wa barabara huikata faiba, wezi huiba betri za milingoti, na stima ikizimika mlimani hakuna antena itakayosema. Kampuni ya biashara haiwezi kulazimishwa ipate hasara kijijini. Lakini hiyo ndiyo sababu sheria yetu ikaunda mfuko wa huduma kwa wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, unaochangwa na kampuni zenye leseni kutokana na mapato yao, ili pale ambapo biashara haifiki, haki ifike.

Maoni yangu basi ni haya. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, nasi tukahesabu vishikwambi. Tuanze kuhesabu shule ambazo intaneti yake inafanya kazi leo, siyo zile zilizowahi kuunganishwa siku ya sherehe. Kuunganisha shule ni kazi ya siku moja, kulipa ada na kurekebisha hitilafu ni kazi ya kila mwezi, na bajeti isiyoitambua tofauti hiyo huacha antena zikiota kutu juu ya matangi. Pili, hakuna shule inayopaswa kutia sahihi mkataba usiotaja kasi, idadi ya wanaogawana, na saa ambazo fundi atakuwa amefika. Mkataba ulazimishe pia kampuni kutaja mahali palipokatika, si kusema tu kwamba kuna hitilafu. Tatu, mambo haya yafundishwe. Mwalimu wa fizikia ana mwanga na kioo, wa jiografia ana njia za baharini, wa hisabati ana biti na baiti, na wa historia ana kisa cha kituo kilichofungwa na kufunguliwa.

Leo mwanafunzi wetu huomba nafasi ya chuo kikuu kwa intaneti, na mkopo wa masomo kwa intaneti. Aliye karibu na faiba huyafanya hayo akiwa kitini mwake, na aliye mbali huabiri matatu. Tofauti hiyo haikuletwa na akili zao, nasi tukiendelea kuiita "mtandao umepotea" tutakuwa tunaificha chini ya maneno mawili.

Yule msichana nilimjibu hatimaye, Ijumaa, mbele ya darasa lote. Niliwapeleka nje, nikawaonyesha antena juu ya tangi na mlingoti kule kilimani, nikawaeleza kilichotokea na nilichokuwa sikijui. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono tena: "Mwalimu, na ule mlingoti wa kilimani, wenyewe unapata kutoka wapi?" Tulianza somo upya.